Barua ya wazi: Betri ya moyo imefika wilayani, elimu yake bado iko Upanga

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya; Mkurugenzi wa Huduma za Uuguzi na Ukunga; Msajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania; na Waganga Wafawidhi wa hospitali za rufaa za mikoa.

YAH: WAUGUZI WAFUNDISHWE KUMHUDUMIA MGONJWA MWENYE BETRI YA MOYO

Waheshimiwa,

Salaam. Mimi ni muuguzi. Nilifanya kazi wodi ya moyo Dar es Salaam, na sasa niko hospitali ya rufaa ya mkoa, mbali na Dar. Naandika hadharani kwa sababu jambo hili halihusu hospitali moja wala mfawidhi mmoja, na kwa sababu barua zinazopandishwa ngazi kwa ngazi huchoka njiani kabla hazijafika kwenu.

Nianze na la heri. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015, na wengi wetu tunakumbuka hali ilivyokuwa kabla yake: mgonjwa wa moyo mara nyingi alisubiri rufaa ya India, na ambaye rufaa haikumfikia alirudishwa nyumbani na vidonge. Leo betri ya moyo, pesimeka, inawekwa kwenye taasisi hiyo, palepale Upanga, Dar es Salaam. Mgonjwa anachomwa ganzi chini ya mfupa wa mtulinga, anachanwa sehemu ndogo, waya unapitishwa kwenye mshipa mpaka ndani ya moyo, kifaa kinafukiwa chini ya ngozi, na baada ya siku chache anapanda basi kurudi kwao. Barua yangu inaanzia hapo kwenye basi.

Mwenye betri haishi Upanga. Anaishi Nachingwea, Kibondo, Mbulu, Ludewa. Akishikwa na homa, akianguka bafuni, akitakiwa kufanyiwa upasuaji wa ngiri, akipata ujauzito, anakuja kwetu. Usiku, daktari bingwa wa moyo hayupo. Mara nyingi hata mchana hayupo. Anayempokea, anayempima, anayekaa naye mpaka asubuhi ni muuguzi. Na muuguzi huyo hajafundishwa. Mimi chuoni nilifundishwa vyumba vinne vya moyo mpaka nikavichora nimefumba macho, lakini betri ya moyo niliisikia ikitajwa tu, kisha tukaendelea na somo la presha. Ninachokijua nilikiokota wodini, kwa kusimama karibu na waliokijua. Aliyepangiwa kazi mahali pasipo na wa kusimama karibu naye, ataokotea wapi?

Kwa wasiokuwa wa fani, vifaa hivi viko vya aina tatu. Kuna betri ya kawaida, inayousikiliza moyo na kuusukuma kwa umeme kidogo pale unapochelewa kupiga. Kuna betri ya kushtua, ambayo juu ya kazi hiyo inakaa macho ikisubiri mapigo ya kasi ya hatari, na yakitokea inaushtua moyo kwa nguvu ili urudi kwenye mstari. Na kuna ya nyaya tatu, ya moyo uliochoka, inayofanya upande wa kushoto na wa kulia vipige pamoja. Zote kwa nje ni uvimbe mdogo kifuani. Ukimwuliza mgonjwa unayo ipi, atakwambia, "Nina betri." Ukimwuliza muuguzi, naye atakwambia, "Ana betri." Lakini zinavyohudumiwa zinatofautiana, na mahali pengine tofauti hiyo ni ya uhai.

Nitaeleza tukio moja. Hospitali siitaji, na ingeweza kuwa yoyote. Bibi wa miaka sabini na kitu aliletwa usiku na mwanawe kwa bajaji. Ana betri, anasikia kizunguzungu, na njiani alizimia mara mbili. Akalazwa, akaunganishwa kwenye monita. Mapigo ya moyo: 60. Sista wa zamu akaandika 60 kwenye faili. Mashine inasema 60, nani abishane na mashine? Lakini chini kidogo kwenye kioo kilekile kulikuwa na namba nyingine, ile inayotoka kwenye klipu ya kidoleni, na yenyewe ilikuwa inacheza kwenye thelathini na kitu. Wakasema kidole kina baridi, wakabadilisha kidole.

Akapita muuguzi mwingine aliyewahi kufanya kazi wodi ya moyo. Hakugusa mashine. Aliweka vidole viwili kwenye mkono wa bibi, penye mapigo, akainua macho kwenye saa ya ukutani, akahesabu dakika nzima. Mapigo 32. Monita ilikuwa inahesabu umeme wa betri, ile mistari mifupi iliyosimama kama sindano kwenye ECG (mchoro wa umeme wa moyo), na kuidhania kuwa ndiyo mapigo ya moyo. Betri ilikuwa inafanya kazi yake kila sekunde bila kukosa. Moyo ndio haukuitikia, kwa sababu ncha ya waya ilikuwa imesogea kutoka pale ilipopachikwa. Kidole hakikuwa na baridi. Kidole ndicho kilichokuwa kinasema kweli.

Bibi alisafirishwa, waya ukarekebishwa, akarudi nyumbani. Lakini angalieni kilichomwokoa: vidole viwili, saa ya ukutani, na mtu aliyekuwa na sababu ya kutoiamini mashine. Hakuna kifaa cha mamilioni hapo. Monita nyingi tulizo nazo zina hata mahali pa kuiambia mashine kwamba mgonjwa huyu ana betri, ili ijaribu kutohesabu ile mistari. Siku ya kuzindua monita utepe hukatwa na picha hupigwa. Hilo la kubonyeza wapi halizungumzwi, na kitabu cha maelekezo huishia kwenye kabati la mfawidhi, kikiwa bado ndani ya nailoni yake.

La pili ni jipu. Naliita jipu kwa sababu ndivyo linavyoitwa zahanati. Mtu amewekewa betri, baada ya wiki mbili au miezi mitatu pale mahali panavimba, pana joto, pengine panauma. Anakwenda kituo cha karibu. Mhudumu mwema, mwenye nia ya kumpunguzia maumivu, anachukua sindano avute usaha, au wembe apasue. Kinaweza kuwa si usaha hata kidogo, ni damu iliyovilia tu, ambayo kwa kawaida ingenyonywa na mwili taratibu. Ile sindano ndiyo inayoingiza wadudu kwenye mfuko wa betri, na wadudu wakishashika chuma na waya, dawa peke yake haiwamalizi. Mara nyingi mtambo wote hutakiwa kutolewa pamoja na nyaya zake, mgonjwa atibiwe kwa wiki kadhaa, kisha awekewe mwingine. Waya uliokaa mwilini miaka hushikana na mshipa, na kuutoa ni kazi ya hatari kuliko ilivyokuwa kuuweka. Yote hayo yangezuiwa na sentensi moja inayojulikana na kila muuguzi kuanzia zahanati: uvimbe juu ya betri hauchomwi sindano, haupasuliwi, mpeleke mgonjwa anakostahili, na kama ana homa mchukue damu ya kuotesha wadudu maabara kabla ya kumwanzishia dawa, pale inapowezekana.

Thieta nako kuna yake. Mzee mwenye betri anakuja kwa ajili ya ngiri, daktari anatumia daithemi, kifaa cha umeme cha kuzuia damu. Umeme wa daithemi unaweza kuidanganya betri: ikadhani ule ni moyo unaopiga, ikanyamaza. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake unaitegemea betri kwa kila pigo, ukimya huo ndio mwisho. Muuguzi wa thieta anayejua ataweka sahani ya daithemi kwenye paja, mahali ambapo njia ya umeme haikatizi kifua, atamkumbusha daktari atumie kwa muda mfupi mfupi, na atakuwa na sumaku mezani.

Hapa niseme kidogo kuhusu sumaku, maana ndiyo kitu ambacho wauguzi wengi hawajawahi kukiona, na ndicho kitu rahisi kuliko vyote kwenye habari hii. Ni sumaku ya duara yenye tundu katikati, ukubwa wa kitumbua. Ukiiweka juu ya betri ya kawaida, aina nyingi huacha kusikiliza moyo na kuanza kupiga kwa kasi moja isiyobadilika mpaka utakapoiondoa. Hilo ndilo unalolitaka wakati wa daithemi kwa mgonjwa anayeitegemea betri. Ukiiweka juu ya betri ya kushtua, mambo ni mengine: inazuia kushtua, lakini upande wa kusukuma mapigo unabaki kama ulivyokuwa. Kwa hiyo anayeiweka akidhani amemlinda mgonjwa asikose mapigo, kumbe ameondoa ulinzi wa kushtua na mapigo hayajalindwa. Sumaku ileile, mikono ileile, matokeo mawili tofauti. Sidhani kama kuna sababu bora kuliko hii ya kumfundisha mtu kabla ya kumpa kifaa.

Sitayamaliza yote. Kitengo cha kusafisha damu kijue kwamba potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, ikipanda sana, moyo unaweza kuacha kuitikia betri hata kama betri na waya ni vizima. Ocean Road, hospitali ya saratani, wajulishwe kabla ya mionzi, ili betri isiwe kwenye njia ya mionzi. Kwenye MRI, kipimo cha sumaku kubwa, asiingizwe mtu mpaka aina ya betri na ya nyaya zake ijulikane; X-ray na CT-scan kwa kawaida hazina shida. Na moyo ukisimama, kandamizeni kifua kama cha mtu mwingine yeyote. Nimewaona watu wazima, wenye leseni, wakisita kumgusa mgonjwa kwa kuogopa "umeme wa betri". Betri ya kushtua ikipiga wakati umemshika mgonjwa, unaweza kuhisi msisimko, basi. Pedi za mashine ya kushtua zikae mbali na betri, angalau sentimita 8, au moja mbele na nyingine mgongoni.

Waheshimiwa, yote hayo ni ya dharura, na dharura huwa inapata msikilizaji. Kazi ya muuguzi ambayo haipati msikilizaji ni ya siku mgonjwa anaporuhusiwa.

Siku hiyo anapewa karatasi, kadi na tarehe ya kliniki. Maswali yake hayamo kwenye karatasi. Shehe anauliza kama ataweza kuswali, maana takbira inainua mikono. Mama anauliza lini atarudi kutwanga na kulima. Kijana fundi wa kuchomelea anauliza kama kazi yake imekufa. Mwingine anasubiri watu waondoke ndipo aulize habari za mkewe. Mama wa Kiswahili hataki kumwuliza daktari anayetembea na wanafunzi kumi nyuma yake. Anamwuliza sista anayemfunga kidonda. Na majibu yapo. Kwa wiki 4 hadi 6 za mwanzo kiwiko cha upande wa betri kisipande juu ya bega, kwa hiyo takbira inawezekana kwa kuinua mikono kwa uangalifu, lakini mtwangio na jembe vingoje. Wakati huohuo mkono usifungwe kabisa, maana bega litaganda. Tumewapokea wagonjwa waliokaa miezi miwili wamebeba mkono kwa kanga kwa kuogopa, betri nzima, bega limekufa. Simu iwekwe sikio la upande mwingine, isikae mfuko wa kifuani. Getini kwenye ukaguzi aonyeshe kadi, na yule askari mwenye kifimbo cha kukagulia asikishikilie juu ya betri. Fundi wa kuchomelea asirudi kazini mpaka azungumze na kliniki, kwa sababu kazi yake ina umeme mkubwa karibu na kifua, lakini asiambiwe "acha kazi" na mtu asiyejua, halafu watoto wakakosa ada bure. Na mke yupo palepale, kidonda kikishapona.

Kuna hata la bodaboda. Baadhi ya betri huongeza mapigo zinapohisi mwili unatikisika, zikidhani mwenye nazo anatembea au anapanda mlima. Mgonjwa akipita barabara ya mashimo nyuma ya pikipiki anaweza kuhisi moyo unakwenda mbio akiwa amekaa tu. Asipoambiwa, atadhani anakufa, atarudi Dar kwa nauli ya mkopo. Akiambiwa na sista kabla hajaondoka, atacheka na kumwomba dereva apunguze mwendo.

Na kadi. Kadi ile ina jina la kampuni, aina ya kifaa, tarehe kilipowekwa na nyaya zilizotumika. Kila kampuni ina mashine yake ya kuisoma na kuipanga betri. Ya huyu haisomi ya yule. Bila kadi, hata bingwa ataanza kwa kubahatisha au kwa kupiga X-ray aitambue kwa umbo. Huku kwetu kadi inathaminiwa mno, kiasi kwamba inafungiwa sandukuni pamoja na hati ya shamba, na mwenyewe anaanguka mnadani bila chochote mfukoni. Muuguzi aliyefundishwa ataipiga picha, atamwambia mgonjwa na mwanawe waiweke kwenye simu zao, na ataandika maelezo yake juu ya jalada la faili kwa kalamu nyekundu.

Mtu wa kwanza duniani kuwekewa betri ya moyo ndani ya mwili, Arne Larsson, aliwekewa Stockholm tarehe 8 Oktoba 1958. Ile ya kwanza ilidumu saa chache tu. Alikufa mwaka 2001 akiwa na miaka 86, na maishani mwake alitumia vifaa 26. Betri za siku hizi hudumu miaka mingi zaidi, saba, kumi, nyingine zaidi ya hapo, lakini hesabu haijabadilika: anayewekewa betri leo anaanza safari ya miaka, ya kupimwa kila miezi 6 hadi 12, ya betri kwisha na kubadilishwa. Mgonjwa wetu akijisikia mzima haoni kwa nini apande basi kutoka Kigoma kwenda kuambiwa kwamba ni mzima. Nauli anaijua, faida haijui. Anarudi siku betri imekwisha, akizimia, na pengine kijijini wameshasema ni kifafa. Kumfuata kwa simu, kumpima mapigo, kumpiga ECG, kuangalia kidonda na kumwambia ukweli kuhusu tarehe yake ni kazi inayoweza kufanywa na muuguzi palepale mkoani. Kuipanga upya betri si kazi yetu na hatuiombi.

Hata kifo kina elimu yake. Mgonjwa mwenye betri ya kushtua anayekufa kwa saratani anaweza kushtuliwa na kifaa chake saa za mwisho, mbele ya watoto wake, kwa sababu hakuna aliyezungumza nao mapema kuhusu kukizima kile kishtuo. Na ndugu zetu Wahindu huchoma maiti. Betri ikiachwa mwilini hulipuka ndani ya moto. Anayeuosha na kuufunga mwili wodini ndiye wa kwanza kuona ule uvimbe kifuani. Asipouandika, mochwari hawatajua.

Sasa naombeni nini?

Naomba kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na wauguzi wawili waliofundishwa wiki moja, kwa vitendo, pale Upanga. Wawili, ili mmoja akiwa likizo ya uzazi maarifa yasiende likizo naye. Wafundishwe kuhesabu mapigo kwa mkono na kulinganisha na monita, kusoma ECG ya mwenye betri, kutumia sumaku, kutunza kidonda, kumwandaa mgonjwa wa upasuaji, na kuzungumza na mgonjwa kwa Kiswahili cha nyumbani kwake. Vifaa vya kufundishia havihitaji zabuni: karatasi za ECG zilizohifadhiwa, sumaku, na betri zilizokwisha zilizotolewa kwa wagonjwa na kusafishwa. Wiki hiyo ihesabiwe kwenye pointi za mafunzo endelevu tunazodaiwa tunapohuisha leseni. Pointi hizo leo tunazikusanya kwa semina za kila aina, nyingine hata hatukumbuki zilihusu nini.

Tiba mkoba nayo itumike. Mabingwa wa moyo wanapokuja mikoani, sisi wauguzi tunapangwa kupanga foleni na kupima presha. Ni kazi halali, lakini jioni wageni wanaondoka na elimu yao kwenye gari. Waje na muuguzi mmoja wa wodi ya moyo ambaye kazi yake itakuwa ni sisi, mchana mmoja, wodini, mbele ya mgonjwa halisi.

Kuwe na namba moja ya simu, rasmi, inayopokelewa usiku na mchana, iandikwe kwenye kila karatasi ya ruhusa. Leo hii muuguzi akikwama anapiga picha ECG na kuituma WhatsApp kwa daktari anayemfahamu. Asiyemfahamu mtu, mgonjwa wake anangoja kukuche.

Vyuoni, mtaala wa stashahada upewe angalau vipindi vichache vya betri ya moyo ndani ya somo la magonjwa ya watu wazima, na swali moja la mtihani, kwa sababu sote tunajua kisichoulizwa hakisomwi. Na wachache wa Upanga wasaidiwe kufanya mtihani wa IBHRE, bodi ya kimataifa inayotahini wataalamu wa mapigo ya moyo na vifaa vyake, ulio wazi hata kwa wauguzi, ili tuwe na walimu wetu wenyewe. Kwa sasa anayejua zaidi chumbani mara nyingi ni wakala wa kampuni inayouza kifaa. Simlaumu, anafanya kazi yake. Lakini atafundisha kifaa chake, na mgonjwa wangu wa kesho ana cha kampuni nyingine.

Nimebakiza mawili ambayo kwenye vikao hatusemi, na bila hayo yote hapo juu yatakuwa karatasi.

La kwanza ni nani atakwenda. Mwaliko wa mafunzo ukifika hospitalini, posho yake hufika nayo, na posho huwapata wakubwa. Anayetumwa ni yule ambaye miaka kadhaa hajafunga dripu. Anarudi na cheti na mkoba, mafunzo yanabaki kwenye mkoba. Barua ya mwaliko itaje wazi: muuguzi wa zamu, wa wodi ya ndani, dharura au thieta. Kama ni posho inayoharibu, basi mafunzo yaje hospitalini kwetu na posho isiwepo. Walio na haja watakuja.

La pili ni uhamisho wa ndani. Muuguzi anajifunza, anaiva, miezi mitatu baadaye anapelekwa wodi ya wazazi kwa sababu kuna pengo. Najua mapengo yapo, nayaziba mwenyewe kila wiki. Lakini waganga wafawidhi mnaweza kuweka kwa maandishi kwamba waliofundishwa hawatahamishwa kwa miaka miwili, na kwamba hata wakihamishwa wataitwa mgonjwa mwenye betri anapoingia, popote atakapolazwa.

Mipango ya hospitali kwa mwaka ujao wa fedha huandikwa kabla ya Julai. Naomba mstari mmoja ndani yake, wenye kiasi na jina la anayewajibika. Sisi huku tumeshaanza kuandika wagonjwa wote wenye betri wa mkoa wetu kwenye daftari la wodi, kila mmoja na aina ya kifaa chake na simu ya ndugu yake, na majina ya wauguzi walio tayari kwenda wiki ya kwanza mfawidhi wetu anayo mezani.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa zamu, wodi ya magonjwa ya ndani
Hospitali ya rufaa ya mkoa